Ploti ya Iftin na Udongo wa Kuazima

Jumatano, 6 Agosti

Mteja amepatikana! Mama Weris, yule mwenye maduka ya nguo sokoni, anataka ploti yangu ya hapa Iftin, Garissa, ajenge chekechea. Ameizunguka mara mbili, amekisifu kisima. Nikajiona niko Maua tayari.

Maana Kanana amepata uhamisho. Mke wangu ni mwalimu. Shule yake mpya iko Maua, kwao Meru, na anaripoti shule zikifunguliwa. Watoto anakwenda nao. Mimi nitakwenda nao ploti ikiuzwa. Isipouzwa nabaki na joto hili peke yangu, nikila mkate na soda kama kapera. Tangu asubuhi sijakaa kitako.

Kisha Mama Weris akatoa sharti. Watoto watakunywa maji ya kisima kile, kwa hiyo udongo na maji vipimwe kwanza. Mtaalamu anakuja Ijumaa. Nikacheka, nikasema karibu sana. Moyoni, mama yangu! Miaka yote hii Brayo fundi amefanyia gereji humo humo. Hiyo oili chafu ya magari imeenda wapi kama si ardhini?

Alhamisi, 7 Agosti

Brayo simuulizi kitu, ana mdomo. Nimemwambia tu ahamishe vyuma vyake, anaiharibia ploti sura. Amenuna.

Jirani yangu Billow, mfanyabiashara wa ngamia, naye anauza ploti. Ukuta kwa ukuta na yangu! Alikuwa ameketi nje na birika la chai ya maziwa ya ngamia. Akaniita, "Warya Kioko, mbona wewe natembea tembea tu? Keti, kunywa shaah." Nikasema nina shughuli. Mtu huyo hasumbuki hata kidogo. Anangoja nianguke amchukue mteja.

Jioni nikapanda bodaboda ya Guleid kutafuta udongo safi. Nikaupata! Nyuma ya ukuta wa saruji uliobomoka, njia ya soko la mifugo. Hakuna karatasi, hakuna taka, na ajabu ya ajabu, hakuna hata kinyesi cha mbuzi. Garissa hii, ambako mbuzi huingia hadi benki! Nikajua hapo ndipo pasafi kuliko kaunti nzima. Guleid akasema, "Si hapo, mzee." Nikamwambia kazi yake ni kuendesha. Nikajaza gunia.

Ijumaa, 8 Agosti

Mtaalamu ni Bi Timiro, binti wa Wajir. Buti, kofia pana, hacheki. Alitoboa ardhi hapa na pale kwa keekee ndefu, kila udongo akautia kwenye kichupa chenye lebo. Maji akateka kisimani. Vyote ndani ya sanduku la barafu. Nikajitolea kulibeba. Akakataa. Nikajitolea kumshikia mwavuli. Akakataa.

Lakini Ijumaa ni Ijumaa. Adhana ilipolia mtaa wote ulihama. Wanaume msikitini, Mama Weris na Bi Timiro wakaingia kuswali kwa mke wa Billow. Nani amebaki kulinda sanduku? Mimi, mtu wa Jumapili! Bi Timiro akaniambia, "Nakuamini, Mzee Kioko." Kidogo nione aibu. Kidogo tu.

Udongo wao nikaumwaga, nikajaza wa gunia. Maji nikayamwaga, nikatia ya chupa ya dukani. Ghafla akili ikanijia: visima vya hapa vina chumvi! Mbio jikoni, kijiko cha chumvi, nikakoroga kwa kidole. Waliporudi walinikuta nimekalia sanduku napiga mluzi. Kuna mtu husema sina akili. Aje aone!

Jumatano, 13 Agosti

Majibu bado. Nimempigia Bi Timiro asubuhi, adhuhuri na jioni. Amesema maabara haiharakishwi, kisha akazima simu.

Kanana amefunga masanduku. Ameuliza kama na nguo zangu azifunge. Nikasema funga. Binti yetu Mwende akauliza kama tutakaa kiti kimoja kwenye basi. Nikasema ndiyo hata kabla sijafikiri. Nimefagia ploti mara tatu leo.

Jumanne, 19 Agosti

Balaa! Bi Timiro alitusomea majibu pale pale kwenye ploti. Oili, hakuna hata chembe. Nikapiga makofi. Akasema ngoja. Udongo umejaa sumu ya kupe, ile ya zamani ya kuogeshea ng'ombe. Na maji yana iodini kama chumvi ya mezani. Akaniuliza, kwa upole, kama hapa pamewahi kuwa na josho.

Billow, aliyejileta eti kama jirani, akadakia. Josho lilikuwa moja tu, njia ya soko la mifugo, likabomoka zamani. Hadi leo hakuna mchungaji anayepitisha pale hata mbuzi mgonjwa. "Walahi, hata mtoto mdogo anajua!" Wote wakanitazama. Mimi nikatazama mawingu. Hakukuwa na wingu.

Mama Weris hakukasirika. Afadhali angekasirika! Alisema tu hawezi kuweka watoto wa watu juu ya sumu. Akaenda kuangalia ploti ya Billow.

Ijumaa, 22 Agosti

Brayo alikuja steji kutusaidia kupakia masanduku. Nikamlipukia: oili yako imenimaliza! Akashangaa. Oili gani? Kila tone anakinga kwenye mtungi, kuna watu wanainunua kupaka nguzo zisiliwe na mchwa. "Mzee, hiyo ni doo. Nimwage chini kwani mimi ni fala?"

Kumbe udongo wangu ulikuwa safi! Safi! Na nilioutupa ndio huo!

Kanana alisikia yote. Hakupiga kelele. Alitoa mfuko wa nguo zangu kwenye basi, akanishikisha. "Baba Mwende, maliza mambo yako, kisha uje." Mwende alinipungia mkono hadi basi likapinda kuelekea darajani. Nililia pale pale steji, na sioni haya kusema.

Jumapili, 24 Agosti

Mungu yupo! Bi Timiro amepiga simu. Majibu yale hayamwingii akilini, na amemshawishi Mama Weris wapime upya kesho. Na Billow bado hawajakubaliana! Safari hii sanduku halitoki mkononi mwa Bi Timiro. Ameniomba nisiguse kitu. Kanana kasema hivyo hivyo kwenye simu: "Usifanye chochote. Keti tu."

Nimekubali. Ploti ni safi, kisima ni safi, kazi yangu ni kukaa. Nikakaa. Nikanywa chai. Nikakaa tena. Nikaenda kuchungulia kisimani. Maji ni safi, sikatai, lakini yananuka... kisima. Na yule mtaalamu ana pua kali. Kuyasaidia kidogo kuna ubaya gani?

Nimetoka dukani sasa hivi. Dawa ya choo, ile ya kijani inayonukia, jerikani zima. Nimemimina yote. Kisima kinanukia hadi barabarani! Nimempigia Mwende, nimemwambia wiki hii anisubiri steji.