Bandama ya Mkurugenzi

Idara ya Burudani za Majini, Kitui Kusini, ina furaha kuutangazia umma kwamba pikipiki yake ya majini haijawahi kumjeruhi mtu yeyote. Mimi Nzau, karani wa kamati ya usalama, ndiye ninayeandika taarifa hizi, kwa hivyo najua.

Ni kweli kwamba siku ya uzinduzi, kwenye bwawa letu karibu na Mutomo, usukani ulimpiga Mwalimu Mbula tumboni. Kamati ilimkagua pale pale ukingoni. Hakuwa na damu wala mchubuko. Mkurugenzi wetu, Bwana Mwangangi, akatoa mwongozo na kuutia sahihi: jeraha ni lile linaloonekana kwa macho. Lisiloonekana ni maoni ya mgonjwa.

Mbula alifika hospitali kwa boda, akapasuliwa, bandama ikatolewa. Alipoleta malalamiko, tulimjibu kwa heshima kwamba hilo ni suala lake la ndani.

Miezi mitatu ikapita na hakuna mtu aliyetaka kupanda. Mkurugenzi akaitisha mkutano bwawani ili aonyeshe mfano. Alikataa jaketi okozi kwa sababu lingeficha tai. Alizunguka mara moja vizuri. Mara ya pili alikutana na wimbi lake mwenyewe, akaangukia usukani kwa tumbo.

"Niko sawa," akasema tulipomvuta nje. "Andika niko sawa."

Nikaandika.

Baada ya dakika ishirini akaniita. "Nzau, bega la kushoto linauma. Na naona giza. Leta gari ya idara."

"Mkuu, gari hutolewa kwa jeraha linaloonekana."

"Nani alisema?"

"Ni wewe, mkuu."

"Basi tafadhali," akasema. Miaka sita ofisini, sikuwa nimewahi kumsikia akitumia neno hilo.

Mbula alikuwa kwenye umati. "Hiyo ni bandama," akasema. "Hata mimi nilianza kuumwa begani." Hakuomba idhini ya mtu. Alisimamisha boda, akampakia mkurugenzi katikati, akamshikilia mpaka hospitali. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, angekufa.

Wiki mbili baadaye Bwana Mwangangi alikuja kuomba likizo ya ugonjwa. Akafungua shati mbele ya kamati. Kovu lilitoka kifuani hadi kitovuni, na kila mtu aliliona kwa macho yake. Tulilipima kwa rula. Kisha tukaamua kwa kauli moja kwamba limesababishwa na kisu cha daktari, si pikipiki.

Anaripoti kazini Jumatatu, saa mbili kamili.