Kuvu Imebatizwa, Sanduku Halihami

Baba Padre wetu mpendwa, Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa salamu ya kwetu, kamwene.

Basi sanduku sitoi. Mwalimu Kasian, katekista wetu, aje na kamba, aje na wanaume, aje na lori la mbao la Mafinga, sanduku la nguo za altare litakaa chini ya kitanda changu mimi Yudith, Mama Kalinga, mpaka wewe mwenyewe uniambie kwa mdomo wako. Anayeandika hapa ni Lea, mke wa mwanangu Kalinga, maana mimi kalamu sijui hata inashikwa upande gani. Nimemwambia aandike yote ninayosema, asipunguze. Lea ni mtoto mzuri lakini anapunguza vitu, hata chumvi.

Wewe Baba ndiye ulinipa sanduku mwaka ule Malkia wa Waingereza alipovikwa taji. Toka hapo ukija kutusomea misa huku kigangoni, chai unakunywa kwangu, pikipiki yako inaegemea ukuta wangu, na kila anayepita anaiona. Sasa Kasian anataka sanduku liende kwa Rozalia kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Rozalia ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, nyumba yake iko hapo chini, tukikohoa tunasikiana. Chai yake sitaki kuisema. Ni maji yamepita karibu na majani.

Na kosa langu ni nini? Kuvu. Kasian alifungua sanduku Jumamosi, akainua kile kitambaa cha altare, akaona vidoa vyeusi. Nikamwambia mwalimu, hiyo ni nakshi. Akaniuliza tangu lini nakshi inanuka. Mbele ya watu, Baba! Rozalia akacheka mpaka akashika mlango. Kwa hiyo nimeonewa, na malalamiko yangu ni haya, uyasikilize yote kwa utaratibu.

La kwanza. Kuvu ni ugonjwa wa wachafu, kila mtu anajua. Mimi nafagia asubuhi, nafagia jioni, nikiona kuku anaingia namfagia na yeye. Sakafu naipiga maji mpaka inang'aa, na maji yenyewe siyakaushi, nayaacha yazame, usafi uingie chini. Sasa nyumba safi hivyo itatoa wapi kuvu? Rozalia sufuria yake inalala na ugali mpaka kesho. Kuvu imetoka kwake. Imepanda mlima ikaja kwangu kwa sababu kwangu ni pazuri.

La pili. Nyumba yangu ni mpya. Kalinga anapasua mbao kule Sao Hill, akanijengea nyumba ya mbao tupu na bati juu. Mbao zilikuwa bado zinalia maji wakati anazipigilia, hivyo ndivyo zilivyokuwa mpya. Kuvu ni kitu cha uzee kama mvi. Umeona wapi mtoto mchanga ana mvi? Siku ile ya kuhamia tulikunywa ulanzi mpaka mjomba wake Kalinga akamwamkia mbuzi, lakini hiyo ni habari nyingine, na yule mbuzi ameshakufa.

La tatu. Nilipoona ukuta wa nyuma ya kitanda umeanza madoa, sikukaa bure. Nilichukua chokaa nikapaka. Kitu usichokiona hakipo. Ikatoka tena. Nikapaka tena, safari hii nene kama uji wa mgonjwa. Ikatoka hapo juu ya chokaa, imependeza zaidi, nyeusi kwenye nyeupe, kama masista. Hapo ndipo nilipojua hii si kuvu ya kawaida, ina maringo. Na maringo katika ukoo huu anayo nani? Sitaji mtu. Ni Rozalia.

La nne ni madirisha. Wewe Baba unajua ukungu wetu wa Mufindi, unatoka bondeni asubuhi unaingia nyumbani bila hodi kama mkwe mbaya. Nikasema huu ndio unaoleta kuvu. Nikafunga madirisha yote mawili, nikapigilia misumari, nyufa nikaziba kwa udongo na sketi yangu ya zamani. Bwana Afya wa serikali alipopita akasema, mama, fungua, nyumba inataka hewa. Mtu ametoka Iringa mjini kwenye jua lake, ananifundisha mimi ukungu! Nikamwambia hewa iko nyingi humu ndani, ni ileile niliyoifungia siku ya kwanza, sijaitumia yote. Akaandika kitu kwenye karatasi akaondoka amejifunika pua kwa leso. Wazungu wamewaharibu.

La tano, harufu. Ukiondoa harufu umeondoa kuvu, maana kuvu ni nini kama si harufu yenye rangi? Nikachukua ubani kidogo kwenye sanduku lako Baba, kidogo tu, nikaufukiza. Nyumba ikanukia kama Pasaka. Siku mbili hivi nililala kama askofu. Halafu harufu ikarudi, na sasa zipo zote mbili, ya Pasaka na ya panya aliyelowa, zinalala pamoja kama mke mkubwa na mke mdogo.

La sita ndilo lenyewe, na hapa Lea aandike kwa herufi kubwa. Nilichukua maji ya baraka. Kila jioni baada ya rozari nilimwagia ukuta, si kunyunyiza kwa vidole kama mnavyofanya nyie, nilimwagia kwa kikombe, nikisema kwa Jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Na kuvu, Baba, ikanenepa! Ikashuka ukutani, ikapita mguu wa kitanda, ikaingia kwenye sanduku. Kasian anasema ukuta ukilowa lazima uote kuvu. Nikamjibu, mwalimu, haya ni maji ya baraka, si maji.

Mimi nikakaa nikawaza. Kwa nini maji ya baraka yamnenepeshe adui? Hayawezi. Kwa hiyo huyu si adui. Na Kasian mwenyewe ametufundisha katekisimu, mtu yeyote anaweza kubatiza, hata mwanamke, kama anayebatizwa yuko hatarini kufa. Na kuvu ilikuwa hatarini kufa, kwa sababu mimi nilikuwa nataka kuiua. Maji yalikuwepo. Maneno nilisema. Baba, kuvu imebatizwa.

Sasa unaona mzigo nilionao. Juzi nilishika brashi nisugue, mkono ukagoma. Nitamsuguaje Mkristo mwenzangu? Ukimwangalia sana hata ana uso.

Kwa hiyo naomba mambo haya, na naomba kwa unyenyekevu, nimepiga magoti, Lea anaona, ingawa sasa nimeinuka kwa sababu ya kiuno. Kwanza, umwandike kuvu kwenye kitabu cha wabatizwa, jina utamchagulia wewe, ila usimpe la marehemu mume wangu. Pili, kila mtoto lazima awe na mama wa ubatizo, na mimi siwezi, mimi ndiye niliyebatiza. Umwandike Rozalia. Ni shangazi wa nyumba hii na hana mtoto wa ubatizo hata mmoja. Tatu, wewe umetuhubiria kwamba mzazi akishindwa kulea, mama wa ubatizo ndiye anayemchukua mtoto. Mimi nimeshindwa, nasema wazi mbele ya Kanisa. Basi Rozalia aje amchukue mtoto wake akae naye kule chini, na sanduku libaki huku juu kwangu, kwenye nyumba isiyo na kuvu. Kila mtu amepata chake. Hata mfalme Sulemani asingekata vizuri hivi.

Kalinga anakusalimu, yuko Sao Hill. Lea anakusalimu, amekasirika kidogo lakini anakusalimu. Wasalimie mapadre wote, masista, mpishi wako, na yule mbwa wako aliyeniuma, nimemsamehe. Kasian msalimie kwa kipimo. Mimi ndimi binti yako katika Kristo na mlinzi wa sanduku mpaka kufa,

Yudith, Mama Kalinga.

Nyongeza. Lea anasema niseme na hili, mimi nilidhani si muhimu. Usiwe na wasiwasi na nguo za altare. Hazimo sandukuni. Kasian alipoondoka nilizifua, nikazianika juani, vile vidoa vyote vikatoka. Halafu nikazipeleka jikoni, kwenye kibanda changu cha zamani cha nyasi, juu ya kichanja cha mbegu kilicho juu ya meko. Pale moto hauzimiki, upepo unapita, na mahindi ya mbegu hayajawahi kuota kuvu toka enzi za mama yangu. Mimi ni mjinga niweke nguo zako kwenye nyumba yenye kuvu? Hata mimi silali kule, nalala jikoni. Sanduku ni tupu, lakini ni sanduku. Na ili zikauke vizuri kabla ya sikukuu, leo, kabla hatujakaa huku nyumba mpya kuandika, nimeongeza moto kwa yale mabaki ya mbao za msonobari aliyoniletea Kalinga, yana utomvu, yanawaka kama

Huyo Rozalia anaita toka kwake. Anasema, wifi, unapika nini huko jikoni kinachonuka nguo? Sipiki kitu mimi. Anasema basi toka nje uangalie kibanda chako, yeye anakuja na debe la maji. Lea, weka kalamu. Nakuja, wifi! Nakuja!