Mbuzi Aliyevuta Kiini cha Seli

Leo nimeaibika jamani, mbele ya wanafunzi arobaini, mhadhiri mmoja na mbuzi.

Mnajua niko hapa Isiolo kwa mazoezi ya ualimu, nafundisha Biolojia. Leo ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho ya kukaguliwa. Nikianguka, narudia muhula mzima na kuhitimu nasahau. Tangu alfajiri sikutulia. Nimepiga pasi sketi mara tatu (sketi ile ile). Hata chai ilinishinda.

Somo lilikuwa seli. Ningechora duara ubaoni, nikaweka kiini katikati, mambo yakaisha. Lakini mimi na kujifanya msomi! Nikaamua kuonyesha zile nyuzi za protini zilizo ndani ya seli: jinsi zinavyokishika kiini, zinavyokivuta, mpaka kinabadilika umbo. (Silabasi haikuniomba hayo. Hakuna aliyeniomba.)

Basi nikaunda seli. Duara kubwa la waya, baluni ya maji mekundu katikati ndiyo kiini, na nyuzi nikazitoa kwa shangazi yangu anayeuza miraa sokoni: zile kamba za mgomba za kufungia mabunda. Zilikuwa bado zimeshika majani majani ya miraa. Nikaona zinapendeza, nikaziacha hivyo hivyo.

Sasa, mbuzi wa soko la miraa mnawajua. Kazi yao ni kula mabaki, na wakishakula hawatulii. Mmoja, dume jeupe, alinifuata kutoka kibanda cha shangazi hadi geti la shule. Nikamfukuza kwa kiatu. Nikadhani tumeelewana.

Saa nne akaja mhadhiri wetu, Daktari Guyo, na shati jeupe. Tukampa kiti cha mbele kama mgeni wa heshima, karibu na mlango ulio wazi apate upepo. Seli niliining'iniza juu yake kidogo, kwenye boriti. Miisho ya kamba sikuikata, ikaning'inia mpaka kizingitini.

"Hawa," nikamwambia msichana wa dawati la mbele, "nikisema, vuta uzi mmoja polepole." Kisha nikageukia ubao kuchora. Chaki inavunjika.

"Kiini hakielei ovyo," nikasema. "Ukivuta uzi huku pembeni, kiini kule ndani kinasikia. Hawa, vuta."

Darasa likaguna, "Woooi!" (Nikajua leo nimewaweza.)

"Madam," Hawa akasema, "si mimi navuta."

"Usiogope. Vuta!"

"Madam, wallahi si mimi!"

"Vuta zaidi, Daktari aone umbo likibadilika!"

Nikageuka. Umbo lilikuwa limebadilika kweli. Kiini kimerefuka kama papai, nyuzi zote zimekaza, na mlangoni, kwenye mwisho wa uzi mmoja, dume jeupe anatafuna huku akirudi kinyumenyume.

PAA!

Maji mekundu yote yakamwangukia Daktari Guyo. Shati, miwani, fomu ya alama zangu. Mbuzi akatoka mbio na nusu ya seli shingoni.

Nilitamani sakafu inimeze. Halafu sauti moja kutoka nyuma kabisa: "Kumbe ni ukweli, kinavutwa!" Darasa zima likaangua kicheko.

Daktari akapangusa miwani taratibu. "Mwalimu," akasema, "somo nimeelewa. Sasa huyo mbuzi ako kwa lesson plan?"

"Hapana, sir."

"Na ndiye amefanya kazi yote." Akakunja fomu iliyolowa, akaitia mfukoni. "Nitarudi Jumatatu. Mlango ufungwe."

Kwa hivyo sijaanguka na sijapita. Hapa nilipo niko sakafuni, naunda seli nyingine kwa nyuzi za nailoni, na kila nikisikia kwato nje nashtuka. Msinicheke, tafadhali. Niambieni tu kitu kimoja: mbuzi hula nailoni?