Mmea Uliofungwa Kufuli

Mtu hufunga kufuli dukani, kwenye baiskeli, na kwenye kabati la sukari kama nyumbani kuna wajukuu. Lakini mmea? Daktari wa Maua alisimamisha mkokoteni wake nje ya geti la mkunga mstaafu, akachungulia mara ya pili. Ndivyo hasa. Barazani, katikati ya makopo ya maua ya kila namna, palikuwa na tundu la kuku. Ndani yake hakuna kuku, kuna mmea, na mlangoni limening'inia kufuli kama la ghala.

"Kinachofichwa," alijiambia, "kinanitafuta mimi."

Udaktari wake, tuseme ukweli, alijisomesha mwenyewe na cheti akajipa mwenyewe. Kazi yake ilikuwa hii: alichukua mmea wa kutambaa, ule wa kijani unaoota hata kwenye chupa ya maji dirishani, akauchora michirizi kwa rangi ya maziwa iliyobaki siku alipopaka mlango wa choo, akaupa jina kubwa, Malkia wa Theluji. Kisha akawapelekea wale wanaopenda kuongeza aina mpya bustanini. Na watu hao, jamani, mradi jirani hana, hawaulizi mengi. Kila mteja alipewa onyo moja tu: "Majani usiyamwagie maji. Mwagilia shina. Majani yake yana haya."

Msiwacheke. Anayewasimulia haya aliwahi kumwagilia ua la plastiki mwezi mzima, akalisifu kwa kutonyauka.

Mkokotenini mle mlikuwa na kitu kimoja cha kweli: begonia yenye majani ya rangi ya fedha, madoa mekundu kama yamedondoshwa na sindano. Ilikuwa ya mkewe, fundi cherehani, aliyeikuza kutoka jani moja kwa miaka sita. Alikuwa na aina ishirini na tisa za mimea, na hiyo ndiyo mama yao. Daktari aliiazima kila asubuhi iwe chambo, maana mteja akiona kimoja cha kweli, macho husamehe vingine vyote. Na kila asubuhi mkewe alimwambia lilelile: "Begonia yangu isiporudi, na wewe usirudi."

"Hodi! Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kama unauza, ninacho. Kama unaomba, sina."

"Siuzi wala siombi. Nimeona mgonjwa yuko kifungoni, nikasema daktari hapiti hivihivi."

Bibi alicheka, akafungua geti. Alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, na kila mtu alimtazama kana kwamba bibi bado amemshika miguu, kichwa chini, anasubiri alie.

Daktari aliinama mbele ya tundu. Mmea ulikuwa umepanda fimbo, majani mapana, na kila jani lina michirizi myeupe iliyotulia. Moyo ukamruka. Kumbe Malkia wa Theluji yupo! Miaka miwili alikuwa akighushi kitu ambacho hata hakujua kama kipo duniani. Akapiga hesabu: vipande kumi vya kupandikiza, kimoja cha mke wake, kiwe aina ya thelathini, tisa vya kuuza. Vya kweli! Angekuwa mtu mwaminifu. Wazo hilo lilimtia kizunguzungu kidogo, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

"Unaumwagiliaje?" aliuliza kitaalamu.

"Shina tu. Majani yake hayataki maji."

"Bila shaka," alisema Daktari, akitikisa kichwa kwa heshima. "Yana haya."

"Ehe! Kumbe unajua."

"Bibi, nitajie bei."

"Siuzi. Ila mimi ugonjwa wangu ni vitendawili. Nitakutegea kimoja. Ukitegua, mmea ni wako bure. Ukishindwa, mmea ni wako vilevile, lakini utanipa mji, na mji nitauchagua mimi."

Hapo mwenye akili angejiuliza: biashara gani hii? Daktari naye alijiuliza. Akajijibu kwamba bibi amezeeka.

"Tega, bibi."

"Mtoto katoka kwao juzi. Leo kakutana na baba yake, baba mtu anamwamkia, 'Shikamoo!'"

"Mtoto aliyepata cheo."

"Hilo nalo lina ukweli wake, lakini silo."

"Mbegu! Ilikuwa ndogo, sasa ni mti."

"Umeingia bustanini, mlango hujauona."

Daktari alikuna kichwa mpaka kofia ikaanguka. Macho yake hayakutoka kwenye tundu. "Nimeshindwa. Chukua mji wowote, bibi, hata wa ng'ambo."

"Ng'ambo sina nauli. Nitachukua ule wa karibu." Akanyoosha kidole mkokotenini. "Wenye majani ya fedha."

Daktari aliitazama begonia. Akaona uso wa mkewe. Kisha akaona vipande kumi. Akaubeba mji kwa mikono yake mwenyewe, akauweka barazani.

Alipofika nyumbani na mmea wake, mkewe alikuwa mlangoni, uzi mdomoni.

"Iko wapi?"

"Mke wangu, kabla hujapandisha sauti, tazama. Aina ya thelathini! Ya kweli!"

Fundi hakupandisha sauti, jambo lililomtisha zaidi. Alichukua kitambaa, akakichovya majini.

"Usi...! Majani yana..."

Akapangusa jani moja. Kwanza ikatoka chokaa. Chini ya chokaa ikatoka rangi ya maziwa. Katikati ya rangi akachomoa unywele mmoja mweusi, akauinua kwenye mwanga kama anayetunga uzi.

"Burashi yako inanyonyoka," alisema taratibu. "Nusu ya manyoya yake yako kwenye mlango wa choo chetu. Huyu ni wako, mume wangu. Mwanao huyu."

Daktari aliketi chini. Kisha akasimama, akatoka mbio, mkokoteni akauacha.

"Bibi! Nimepata jibu! Mtoto ni ule mmea, na baba ni mimi!"

"Hongera," alisema bibi, akipanga makopo. Begonia ilikuwa katikati, imeshapewa chungu kizuri. "Wifi yangu alimnunua huyo mtoto kwako kwa akiba yake, akalia siku tatu rangi ilipobanduka. Mimi nikampaka mtoto mkono wa pili wa chokaa, maana kazi yako ilikuwa ya kivivu."

"Basi nirudishie mji wangu."

"Umechelewa, mwanangu. Nimeshahamia."

Akamtazama alivyosimama, mikono mitupu, kichwa chini. Alikuwa mkunga, hakuzoea kumrudisha mtu kwao bila chochote. Akakata jani moja la begonia, akalifunga kwenye kitambaa kibichi.

"Mkeo alianza na jani moja, mtaa mzima tunajua. Miaka sita si mingi."

Fundi cherehani alilipokea jani lile kwa mikono miwili, akalisimika kwenye kikombe cha udongo, akakiweka nje kizingitini. Halafu akatoa mkeka, akautandika kando ya kikombe.

"Na huo wa nani?" Daktari aliuliza.

"Wako. Mtakaa hapo wote wawili. Atakayetangulia kutoa mizizi ndiye atakayeingia ndani."

Akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza nyumba ile ikafungwa kwa kufuli.