Faili Arobaini za Seva ya Maji

Jumatatu, 3 Machi. Nawoitorong, Lodwar.
Nimelificha jambo hili miaka sita: seva iliyopanga zamu za maji kule kambini Kakuma haikuharibiwa na Barnabé. Niliiharibu mimi, nikiiongezea programu yake mstari mmoja kwa kuringia ujuzi wangu. Ikawa inaanguka, inazimika ghafla, mabomba yanakauka, akina mama wanapigania madumu juani. Na kila ikianguka ilihifadhi yenyewe faili ya yote iliyokuwa nayo kichwani wakati huo. Ushahidi! Nikaizuia isihifadhi tena. Nikasema diski imejaa. Barnabé, Mkongo aliyekuwa akiihudumia mashine, akafutwa kazi kwa madai ya kubonyeza ovyo.
Figo zangu zimekwisha. Daktari ananihesabia wiki. Nitaungama kwa barua.

Jumanne, 4 Machi.
Barua imefika kurasa kumi na moja. Kumi ni za mafanikio yangu. Binti yangu Rael aliisoma kidogo, akauliza kama naomba kazi.
Sylvia, aliyerithi kiti changu cha kusimamia seva, amepiga simu. Barnabé ameomba kurudishwa kazini. Kamati ya maji inakaa Ijumaa. Nikafurahi kweli. Kisha akasema seva bado inaanguka, na tangu mwaka jana ameiruhusu tena kuhifadhi faili kila ikianguka. Faili arobaini! Atafungua moja mbele ya kamati. Nikamshauri azifute kuokoa nafasi. Akajibu, kwa adabu iliyoniudhi, kwamba diski za siku hizi ni kubwa, Mzee.
Barua nimeichana. Kuungama kuna heshima. Kufumaniwa hakuna.

Alhamisi, 6 Machi. Kakuma.
Nimemwambia Rael nakwenda kuaga marafiki. Saa mbili garini, kila tuta likinipiga figo. Sylvia alipotoka kula, nikaketi kwenye mashine yake. Mpango mwepesi: futa zote. Nikabahatisha nenosiri. Kosa. Kosa. Kosa. Mashine ikanifungia nje. Sheria ya mara tatu niliiweka mwenyewe. Nilipongezwa.
Nje, Barnabé na mkokoteni wa madumu. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasikitika nimekonda, akanikalisha kivulini na kunipa maji. Kisha akasema polepole: "Papa, kila siku najiulizaka, siku ile nilifinyaka nini?"
Miaka sita anatafuta kitufe alichobonyeza. Nilifungua mdomo. Nikamwambia mashine ni mashine.

Ijumaa, 7 Machi.
Nilipewa kiti cha mbele, na soda. Barnabé alisimama mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi. Sylvia akafungua faili. Dakika kumi tu akaupata mstari wenyewe. Mstari mbaya, nakiri, na uandishi wa kizamani. Akaeleza kwamba uliongezwa baadaye, bila jina, na wenye ruhusa wakati huo walikuwa wawili, mimi na Barnabé. Kisha akanigeukia kwa upole: "Mzee, aliuandika nani?"
Hapo ndipo pa kuungama. Nilikuwa na sauti. Nilikuwa na wiki zangu chache, na hakuna wa kunifunga.
Barnabé hakubisha. Aliinamisha kichwa, akanishukuru kwamba sasa angalau amejua alichobonyeza.
Nilikuwa nimemtaja yeye.