Ndoo Ishirini na Sita na Kiti cha Kuzunguka

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekiona kiti changu. Cheusi, cha kuzunguka, bado kimevikwa nailoni, ndani ya duka jipya la Mtandao wa Kijani hapa njia panda. Miaka sita nauza laini za Kijani chini ya mwavuli, jua langu, mvua yangu. Msimamizi kaja asubuhi. Kasema nikiwahamisha wateja arobaini kutoka Mtandao wa Bluu, na wawe bado wapo Ijumaa saa sita mchana, umeneja wa duka ni wangu. Nikishindwa, narudisha mwavuli. Yaani kibarua kiote nyasi!

Ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli wa bluu, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa anapaka rangi kucha. Akanipungia. Nikampungia. Maskini, hajui kinachomjia.

Siri (shajara haina mdomo): simu yangu mwenyewe ni ya Bluu. Nyumbani kwangu Kijani haishiki, labda upande stuli ya jikoni na kunyoosha mkono dirishani. Mganga hajigangi.

Jumanne, 5 Machi

Akili ni nywele. Mimi nina upara, lakini leo zimeota!

Mke wangu anauza vyombo vya plastiki. Stoo kulikuwa na ndoo mpya arobaini. Nimezibeba alfajiri, yeye akikoroma. Nikabandika tangazo: hamia Kijani, ondoka na ndoo. Kufikia adhuhuri foleni imefika kwa fundi viatu. Fundi viatu mwenyewe kahama. Mwalimu mkuu kahama, tena akauliza kama kuna ya pinki. Ishirini na sita kwa siku moja! Nikamuuliza shemeji, kwa sauti ya kusikika, kama anahitaji msaada wa kukunja mwavuli. Kacheka.

Kwa nini kacheka?

Jumatano, 6 Machi

Nimejua kwa nini.

Ndoo zangu hazikuwa na vifuniko. Vifuniko vilikuwa kwenye gunia la pembeni, humo humo stoo, na mimi kwa haraka zangu sikuangalia. Mke wangu kafungua stoo, kakuta vifuniko arobaini, ndoo hakuna. Hata hakunigombeza. Kabeba gunia, kampelekea mdogo wake. Na shemeji naye akabandika tangazo: aliyejuta arudi Bluu, achukue kifuniko chake.

Kikulacho ki nguoni mwako! Wamerudi wote ishirini na sita, ndoo mkononi. Nilimwambia fundi viatu kwamba utu ni uaminifu. Akajibu kwamba utu anao, ila ndoo ya wazi inaingia nzi.

Alhamisi, 7 Machi

Maji yamefika shingoni. Nimekwenda kwa mama mkwe.

Mama mkwe ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Wako arobaini pamoja naye, wote Bluu, kwa sababu Bluu kwa Bluu kupiga ni bure, na mwenyekiti huyu akianza kuongea hamalizi leo. Akihama yeye, wanahama wote. Nikaisifia Kijani mpaka mate yakanikauka. Nikaapa kwamba tangu nimjue binti yake sijawahi kutumia mtandao mwingine.

Mama akavua miwani. Akaniuliza taratibu: sasa mwanangu, mbona miaka yote hii nikikupigia wewe ni bure?

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akasema atanisaidia, si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya binti yake, maana mume asiye na kazi hushinda nyumbani. Ila nitangulie mimi, wao wafuate. Nikajihamisha hapo hapo mbele ya macho yake.

Ijumaa, 8 Machi

Wamekuja! Saa tatu asubuhi, mstari mmoja, mwenyekiti mbele. Arobaini kamili, na hakuna hata mmoja aliyeulizia ndoo. Saa sita msimamizi kahesabu mara mbili, kanishika mkono. Kasema kesho saa mbili asubuhi mkubwa wao atanipigia mwenyewe, anataka kusikia sauti ya meneja kabla ya kutoa funguo. Nikamkaribisha shemeji aje apoe kwenye feni yangu akichoka na jua. Nina furaha kuliko siku ya harusi yangu. (Mke asione ukurasa huu.)

Jumamosi, 9 Machi

Nimeamka mapema. Suti. Tai. Nikakaa kitandani, simu kwenye goti. Saa mbili, kimya. Saa mbili na nusu, kimya. Nikajiambia wakubwa ndivyo walivyo, hawana haraka.

Saa tatu simu ikalia. Ya mke wangu, jikoni. Ya Bluu.

Mkubwa alikuwa amenipigia mara saba. Mara zote anaambiwa sipatikani. Ndipo akapiga namba ya mke niliyoijaza kwenye fomu ya uwakala. Mtume! Nilisahau kabisa kwamba sasa na mimi ni Kijani!

Nikaikimbilia stuli. Mke kaikalia. Anamweleza mkubwa kwamba mtandao wao haujawahi kushika nyumba hii, kwamba meneja wao mtarajiwa ametumia Bluu mpaka juzi, na kwamba watu wanataka simu inayoshika, hawataki ndoo. Kisha akamuuzia mabeseni mawili. Mkubwa kasema hakuna wakala aliyewahi kumwambia ukweli huo. Mwezi ujao analeta mnara mtaani kwetu. Kiti kampa mke wangu.

Nimeumia. Sifichi.

Jumapili, 10 Machi

Sikulala, nilikuwa natafuta kosa langu. Nimelipata. Nilitoa ndoo bila vifuniko!

Mke kaniruhusu nibaki na mwavuli mlangoni pa duka lake, na kukizungusha kiti mara mbili. Nimeshukuru. Lakini mtandao wa tatu unaingia mjini, wa Manjano, na unatafuta meneja. Nimeshawaapia kwamba tangu utotoni sijui mtandao mwingine. Ndoo kumi na nne zilizobaki nimezirudisha stoo. Kwa shemeji vimebaki vifuniko kumi na vinne. Nani ataniweza?

Watanipigia kesho saa mbili asubuhi. Nimewaambia wasiwe na wasiwasi, nitakuwa nyumbani, nimetulia kitandani.