Tumefungua Tawi

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Binti yangu kaenda mafunzo ya kazi, wiki nzima. Kaniachia kompyuta yake chumba cha kushonea, kati ya cherehani na pasi. Ndogo kama boksi la viatu, ila akili iliyomo ni kama ya mwenyewe. Kaweka rehani sarafu zake zote za mtandaoni, alizokusanya ili afungue ofisi yake. Mashine inasaidia mtandao kuhakiki malipo ya watu, na mtandao unampa zawadi kidogo kidogo. Nikauliza hatari. Akasema ikizimika, zawadi inapungua. Ikidanganya, rehani inakatwa. Nikamwambia basi tumeshapona, mimi sikuzaa mwongo. Akasema, Mama, usiiguse tu. Sijaigusa. Nimeifunika kitambaa cha maua.

Jumanne, tarehe 4
Wifi kaja kuchukua gauni. Nikamweleza kwamba mwanangu anahakiki fedha za dunia kutokea hapa hapa kwenye vifungo na zipu. Akauliza, kwa hicho kiboksi? Akasema mwanawe wa benki anakalia kiti kinachozunguka. Nikamjibu wa kwangu analipwa hata akiwa amelala. Kaondoka na gauni lake. Pindo la nyuma sikulimalizia.

Alhamisi, tarehe 6
Umeme umekatika asubuhi hadi alasiri. Kiboksi kimya. Nimekipepea, wapi. Binti kapiga simu, kasema zawadi imeshuka kidogo, ni kawaida, nisihangaike. Ananifariji tu. Sauti ya mwanangu naijua. Nimemwita fundi kompyuta wa mtaa wa nyuma, ambaye dukani kwake ana jenereta.

Ijumaa, tarehe 7
Fundi kanakili kila kitu, hata sahihi ya binti ya mtandaoni, kwenye kompyuta nyingine, iko dukani kwake. Kanionya kwamba hiyo ya pili iwashwe pale tu ya kwanza inapozimika. Kasema na kurudia, utadhani nina pamba masikioni. Alipoondoka nikakaa nikawaza. Mashine nzima, yenye afya zake, ishinde dukani ikitazama wapita njia? Wawili wakifanya kazi, zawadi mbili, ofisi inafunguliwa mapema. Nimempigia aiwashe. Akasita. Nikamkumbusha suruali zake tatu ziko kwangu. Kaiwasha. Kisha nikapita kwa wifi, kumjulisha tu kwamba tumefungua tawi.

Jumamosi, tarehe 8
Binti kapiga simu.  Kumbe mtandao umeona sahihi yake ikitoka sehemu mbili kwa wakati mmoja, ukamhesabu tapeli. Rehani imekatwa, mashine imefukuzwa, na sarafu zilizobaki zimefungiwa kwa wiki kadhaa. Nikamwambia anipe namba ya mkubwa wa huo mtandao, nimweleze kwamba mimi ndiye mama mzazi. Akasema mtandao hauna mkubwa. Sasa nimeelewa. Pasipo na mkubwa, mtoto mwenye adabu lazima aonewe. Akacheka kicheko cha kuchoka, akasema basi Mama, ofisi itasubiri. Nimekaa juu ya kitambaa cha mteja, chote kimekunjamana. 

Jumatano, tarehe 12
Binti karudi. Kanikumbatia, kala, kisha kafungia kiboksi kabatini kwake na ufunguo anatembea nao. Uchovu wa safari huo. Mchana wifi kaja, mpole ajabu. Mwanawe naye kanunua kiboksi, anataka kuweka rehani, na anaomba ushauri wa sisi wenye uzoefu. Moyo wangu ukatanuka. Tumekubaliana mimi nitamlindia, na sehemu ya zawadi iende kwenye ofisi ya binti yangu. Wala sikumficha kosa letu: tulitumia mashine mbili. Wawili wakisema neno moja, mtandao unadhani wamepanga. Zinatakiwa tatu. Ya tatu ni shahidi.